Idi Haikai Ndani: Kutoka Kambi ya Askari hadi Silanga

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, watoto wa Silanga hutafuta mahali pa juu. Mtaa wao uko bondeni, ukingoni mwa Bwawa la Nairobi, na mabati yamebanana hivi kwamba mbingu huonekana vipande vipande, kati ya paa na paa. Basi hupanda kuelekea Laini Saba na reli, wakasimama wakikodolea macho magharibi, viliko vilima vya Ngong. Kule chini, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, redio iko wazi na mama ameketi juu ya kigoda, gorogoro mkononi, anapima mchele.

Gorogoro ni mkebe wa bati uliowahi kujaa mafuta ya kupikia, kilo mbili, nao ndio kipimo cha mitaa yote ya mabanda Nairobi. Mahindi, maharagwe, mchele, vyote huuzwa kwa gorogoro. Lakini zaka ya Fitri iliamriwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne, kila kibaba ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Wanazuoni wengi wa siku hizi huikadiria pishi kuwa kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Kwa hiyo mama huijaza gorogoro hadi ifanye kichuguu, kisha huongeza tena viganja juu yake, asije akapunja haki ya mtu. Pishi moja kwa kila kichwa: yake, ya mumewe, ya kila mtoto, hata ya kichanga aliyezaliwa wiki iliyopita.

Abdullahi bin Umar amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliifaradhisha zaka hiyo kwa mtumwa na mwungwana, mwanamume na mwanamke, mdogo na mkubwa, akaamuru itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Ikicheleweshwa hadi baada ya swala, inahesabiwa sadaka kama sadaka nyingine yoyote. Makusudio yake ni kumtosheleza maskini siku ile, asipite mlango kwa mlango akiomba huku wenzake wamevaa nguo mpya. Silanga, anayetoa na anayepokea mara nyingi hutenganishwa na bati moja tu. Na kwa kuwa wanazuoni wengi hawakuweka sharti la utajiri, bali mtu awe na ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi kwa nafsi yake na walio chini yake, yupo mama anayetoa pishi sita magharibi na kuletewa pishi mbili alfajiri. Hakuna la aibu hapo. Chakula kinazunguka mtaa, na kila nyumba inaamka na kitu cha kupika.

Idi hii ina umri mkubwa kuliko Kibra yenyewe, eneo ambalo Silanga ni mtaa wake mmoja.

Waliokuja nayo walikuwa askari. Katika karne ya 19, Misri ilipopanua utawala wake kusini kwa kufuata Mto Nile, iliandikisha jeshini, wengi wao kwa nguvu, vijana wa Kibari, Kimoru, Kimakaraka, Kilendu, Kialuri na makabila mengine ya nchi ambazo leo ni Sudan Kusini, kaskazini mwa Uganda na kaskazini mashariki mwa Kongo. Wengi hawakuwa Waislamu walipochukuliwa. Kambini ndiko walikoipata dini, na ndiko Kiarabu cha amri na paredi kilikogeuka kuwa lugha ya nyumbani, Kinubi. Mwaka 1878 daktari Mjerumani aliyejulikana kama Emin Pasha aliwekwa kuwa gavana wa jimbo la Equatoria. Vita vya Mahdi vikakata njia ya Khartoum, na jeshi likabaki peke yake katikati ya Afrika. Mpelelezi Stanley alikuja kumwokoa Emin, wakaelekea pwani mwaka 1889. Askari wengi waliachwa nyuma, karibu na Ziwa Albert, chini ya ofisa wao Selim Bey.

Mwaka 1891 Frederick Lugard, aliyeitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwafuata huko akawaandikisha upya. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wake, watoto na wafuasi, maelfu ya watu. Kutoka hapo historia yao ni ya safari zisizokwisha. Walipigana Uganda, mwaka 1897 baadhi yao waliasi wakiwa Eldama Ravine, wamechoshwa na misafara mirefu na mshahara mdogo uliochelewa. Mwaka 1902 vikosi vyote vya Waingereza upande huu viliunganishwa kuwa King's African Rifles, Keya kama wazee wetu walivyoiita, na askari hawa, Wasudani, walikuwa uti wa mgongo wake.

Mtu akifikiri maisha hayo, ataona kwa nini Idi ilikuwa na uzito usio wa kawaida kwao. Mbari haikuwapo tena. Kaburi la babu lilikuwa mbali, mahali ambapo wengine hawakupajua hata jina. Kilichobaki cha kuwafanya Mmoru na Mlendu waitane ndugu ni swala moja, lugha moja na sikukuu moja. Kiarabu chenyewe kinalihusisha neno la Idi na kurudi, jambo linalorejea kila mwaka. Watu hawa hawakuwa na pa kurudi. Idi iliwarudia wao, popote walipopiga kambi.

Karibu na Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, jeshi lilitengewa eneo la msitu kusini magharibi. Askari waliliita kwa Kinubi kibra, msitu. Kuanzia 1912 waliomaliza utumishi, kwa kawaida miaka 12, walipewa pasi za kujenga na kulima humo. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi eneo la ekari 4,197 kuwa hifadhi ya jeshi. Majina ya mitaa bado yanasimulia: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru ni kumbukumbu ya makabila yaliyomezwa na jeshi, na Laini Saba ni kumbukumbu ya uwanja wa kulengea shabaha.

Nairobi ya miaka hiyo ilikutanisha Waislamu ambao hawakuwahi kukutana kwa wingi namna ile. Wapwani walileta madhehebu ya Imam Shafi. Sudan, zilikoanzia kambi zile, ni nchi ya Imam Malik. Wapunjabi waliojenga reli na baadaye Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, wengi wao walimfuata Imam Abu Hanifa. Siku ya kawaida tofauti hizo hazionekani sana. Siku ya Idi zinasikika. Mshafi huleta takbira saba katika rakaa ya kwanza baada ya takbira ya kuhirimia, Mmaliki sita, Mhanafi tatu. Anayeswali nyuma ya imamu wa madhehebu mengine hujikuta amebaki na mkono hewani wakati mwenzake ameshaanza kusikiliza Fatiha. Jawabu la wanazuoni ni jepesi na ni zuri: maamuma amfuate imamu wake. Swala ya umoja haikatwi kwa sababu ya takbira moja.

Na swala yenyewe iliswaliwa wapi? Hapa mafundisho ya Mtume yana jambo la kushangaza. Alikuwa na msikiti wake Madina, ambao swala moja ndani yake ina fadhila kubwa kuliko swala elfu mahali pengine, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Hata hivyo asubuhi ya Idi aliuacha, akatoka kwenda uwanjani, na watu wakatoka naye. Wanazuoni wa Kishafi wamesema msikiti ukitosha watu wote ni bora zaidi, kama watu wa Makka wanavyofanya; wengine wamesema uwanja ndio sunna ya asili. Wote wanakubaliana juu ya lengo: watu waonekane pamoja. Kwa Wanubi wa Kibra, yaani askari wale na wazao wao, kukusanyika kwa namna hiyo kulikuwa na maana nyingine ambayo vitabu vya fiqhi havikuizungumzia, kwa sababu ardhi waliyoisujudia haikuwa yao kwa karatasi. Mwaka 1928 jeshi liliukabidhi utawala wa Kibra kwa serikali ya kiraia, na baada ya hapo pasi zikaanza kutazamwa kama kero. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Carter, ilitoa ripoti iliyowahesabu kuwa wakaaji kwa hisani tu, ingawa ilikiri kwamba serikali ina deni kwa askari wale wazee. Mipango ya kuwahamisha ilikuja na kupita. Nao kila mwaka, mara mbili, walivaa kanzu nyeupe wakatoka kadamnasi kwa takbira, mahali walipoambiwa ni wapitaji.

Hawakutoka wanaume peke yao, na hili linafaa kusemwa kwa sauti kwa sababu bado ipo misikiti ambako mwanamke huachwa nyumbani na masufuria. Ummu Atiyya, mwanamke wa Madina, amesimulia kwamba wao waliamrishwa kuwatoa wanawake wote siku za Idi mbili, hata mabikira waliokuwa wakitawishwa, hata walio katika hedhi. Hao wa mwisho hawaswali, lakini wahudhurie kheri na dua ya Waislamu. Akauliza: je, asiye na nguo ya kujifunika? Akajibiwa kwamba mwenzake amvike moja ya zake. Silanga agizo hilo linaeleweka bila mufasiri. Buibui huazimwa, mtandio hubishiwa hodi usiku wa manane, na wanawake wa Kinubi huzitoa gurbaba sandukuni, zile kanga zao za kujifunga zinazowatambulisha kutoka mbali. Enzi zile, baada ya hotuba, Mtume alikwenda upande wa wanawake, Bilali akatandaza nguo yake, nao wakawa wanavua pete na vipuli wakivitupia humo kuwa sadaka. Kibra leo sahani hupitishwa, na sarafu ndizo hulia badala ya vipuli.

Bwawa lililoipa Silanga jina lilijengwa mwaka 1953, kwa kuzuia maji ya Mto Motoine, liwe akiba ya jiji. Wakenya wengi huliita bwawa la kuchimbwa silanga, na mtaa ulioota kando yake haukuhitaji jina jingine. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Kibra ilikuwa bado na mashamba na miembe. Miongo iliyofuata ilileta wafanyakazi kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Kati. Wanubi walijenga vyumba vya kupangisha, kisha na wengine wakajenga, na msitu ukawa mji wa udongo na mabati. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibra nzima, na nchi nzima ikawahesabu Wanubi 15,463, mara ya kwanza kwao kuandikwa kwa jina lao. Tarakimu hizo mbili zinaeleza hali ya Idi ya sasa: Mwislamu wa Silanga amezungukwa na majirani ambao wengi si Waislamu.

Afanyeje basi na sahani yake ya pilau? Swali hili lilijibiwa zamani sana. Abdullahi bin Amri alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake. Alipofika jambo la kwanza kuuliza lilikuwa, je, mmempelekea jirani yetu Myahudi? Akaliuliza tena, kisha akaeleza jinsi Mtume alivyosimulia kwamba Jibrili alikuwa akimuusia juu ya jirani hadi akadhani atamfanya mrithi. Zaka ya Fitri, kwa rai ya wanazuoni wengi, ni ya maskini wa Kiislamu, ingawa Imam Abu Hanifa aliruhusu apewe asiye Mwislamu. Lakini pilau, biriani, kaimati na nyama ya Idi hazina mpaka huo.

Ukitaka kuiona Idi ya Silanga ilivyo, usisimame msikitini. Simama kwenye kijia saa sita mchana. Mtoto wa miaka minane anakuja, kanzu imeshapata tope pindoni, mikono miwili imeshika sahani iliyofunikwa kawa la rangi, lile la ukili ambalo wanawake wa Kinubi hulisuka hadi likafanya duara za zambarau, kijani na nyekundu. Anavuka mtaro kwa ubao mmoja. Ulimi umetoka kidogo kwa sababu ya umakini. Anabisha kwa mama wa Kiluhya, anasema, "Mama amesema mkae na sisi Idi," na anasimama hapo hapo, kwa kuwa kawa lazima lirudi na sahani hairudishwi tupu. Atarudi na sukari, au mandazi, au shilingi ishirini aliyopewa yeye mwenyewe, ambayo ni mkono wake wa Idi.

Ipo Idi ambayo sahani hizo zilikuwa chache. Mwishoni mwa Oktoba 2001 Rais Daniel arap Moi, akiwa na Raila Odinga aliyekuwa waziri wake, alitamka hadharani kwamba kodi ya vyumba Kibra imezidi. Wapangaji, wengi wao Wajaluo, walidai kupunguziwa. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi, walikataa. Ramadhani iliingia katikati ya Novemba, na mwanzoni mwa Desemba mitaa ikawaka. Watu zaidi ya kumi waliuawa, wanawake walinajisiwa, familia zilikimbia na magodoro vichwani. Idi ilipofika katikati ya mwezi huo, kulikuwa na wafungaji waliofuturu ugenini na majirani ambao hawakuweza kutazamana usoni. Maimamu walikuwa na kazi ngumu kuliko hotuba yoyote, kwa sababu fundisho la jirani halikushushwa kwa ajili ya mwaka wa amani peke yake. Waliorudi walirudi kwenye kuta zilezile na majirani walewale. Sahani hazikurudi zote kwa mara moja. Zilirudi.

Mgogoro mwingine wa Idi hauna damu, lakini unaumiza nyumba nyingi: mwezi. Zamani askari mmoja mwenye macho makali alitosha. Akiuona, kambi nzima ilifungua. Redio ilipoingia, watu wa Nairobi walizoea kusubiri tangazo la Kadhi Mkuu kutoka Mombasa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyetafsiri Kurani kwa Kiswahili, alishika cheo hicho kuanzia 1968 hadi 1981, na jina lake bado hutajwa mjadala wa mwezi ukipamba moto. Kisha zikaja simu, televisheni na habari za papo kwa papo kutoka Makka. Sasa wapo wanaofuata mwezi wa Saudia na wapo wanaosubiri uonekane Afrika Mashariki, na katika chumba kimoja mume anaweza kuamkia Idi hali mke bado amefunga.

Pande zote mbili zina hoja ya kale. Kuraibu alitumwa Sham, akaona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina Ibn Abbas akamwambia wao waliuona usiku wa Jumamosi na wataendelea kufunga hadi wauone au watimize thelathini. Hiyo ndiyo nguzo ya wanaosema kila nchi na mwandamo wake. Wenzao husema amri ya kufunga kwa kuuona ni ya umma wote, na muumini mmoja akiuona ametosha. Kisheria, Katiba ya 2010, ibara ya 170, inazipa Mahakama za Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, mwezi haumo. Tangazo la Kadhi linasimama kwa kukubalika kwake tu. Ndiyo maana hadithi nyingine, iliyopokewa kwa Abu Huraira, inastahili kusomwa kwanza katika mjadala huu: kwamba kufunga ni siku mnayofunga nyote, na kufungua ni siku mnayofungua nyote. Mwandishi wa makala haya anaelemea upande huo kwa moyo wote. Mtu akiwa na hakika yake, anaweza kunyamaza nayo na kwenda na watu wa mtaa wake. Silanga ni ndogo mno kugawanywa kwa Idi mbili.

Kuna na suala la ngoma. Siku ya Idi wanawake wa Kinubi hupiga doluka, wakaimba kwa kupokezana, na bibi mwenye magoti mabovu husahau magoti. Wapo mashekhe wanaoikemea. Hofu yao ina msingi panapokuwa na ulevi au mchanganyiko usio na staha, na Kibra imewahi kujulikana kwa pombe kali kwa miaka mingi, doa ambalo wazee wa Kinubi wenyewe hulizungumza kwa huzuni. Lakini nyumba ya Mtume haikuwa kimya siku ya Idi. Wasichana wawili walikuwa wakiimba na kupiga dufu kwa bibi Aisha. Abubakari akaingia akawakaripia, Mtume akamwambia awaache, kila watu wana sikukuu yao. Na Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wenyewe, Aisha akitazama nyuma ya bega la mumewe mpaka alipochoka mwenyewe. Waafrika wakicheza ngoma ya silaha siku ya Idi mbele ya Mtume: wajukuu wa askari wa Keya wana haki ya kuisikia hadithi hiyo ikisomwa kwenye mimbari yao mara nyingi zaidi.

Idi ya mfunguo tatu ina mwendo tofauti. Asubuhi ya Fitri mtu hula tende kwanza, kwa idadi ya witri, ndipo akatoka. Asubuhi ya kuchinja hutoka bila kula, ili tonge la kwanza liwe la mnyama wake. Kuchinja ni baada ya swala. Abu Burda aliharakisha akachinja kabla, akaambiwa mbuzi wake ni nyama tu. Mbuzi mmoja hutosha watu wa nyumba moja, ng'ombe hushirikiwa na saba, na hapo ndipo wakazi wa vyumba vya kupanga hupata mlango: majirani saba huchangishana tangu mfungo uishe, kidogo kidogo, mpaka ng'ombe apatikane. Desturi ni kugawa mafungu matatu: la nyumba, la jamaa na marafiki, la maskini. Nyama nyingine huja kutoka mbali. Mashirika ya misaada ya Uturuki na nchi za Ghuba huchinja kwa niaba ya watu wasioijua Silanga hata kwa jina, na foleni hupangwa tangu alfajiri. Ni kheri, na apewaye hushukuru. Hata hivyo fungu la ng'ombe wa majirani saba lina ladha ya kujuana. Mwenye kulileta anajua nyumba gani ina mgonjwa asiyeweza kutafuna, naye huletewa ini.

Kuhusu njia, Jabiri amesimulia kwamba siku ya Idi Mtume alikwenda kwa njia moja akarudi kwa nyingine. Sababu zilizotajwa ni nyingi, na mojawapo ni kuwasalimu watu wengi zaidi. Mtu wa Silanga aendaye Msikiti wa Makina kwa kupitia Lindi hurudi kwa Laini Saba, na safari ya nusu saa ikawa ya saa mbili. Adhuhuri matatu namba 46 hujaa kanzu na madira ya wanaokwenda kuwaona jamaa wa Kawangware, na jioni wa Kawangware nao wanavuka Ngong Road kuja huku. Wengine hupitia makaburini. Wanazuoni hupenda kukumbusha kwamba kuzuru wafu ni sunna ya siku zote, na kwamba Idi haikuwekewa siku hiyo mahususi. Ni kweli. Lakini makaburi ya Kibra yamekuwa pia hati ya ardhi ya watu wasio na hati, na si rahisi kumwambia mjukuu apite mbele ya babu yake bila kusimama.

Hati yenyewe ilikuja. Mwanzoni mwa Juni 2017, watu wakiwa wamefunga, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Kati ya 4,197 ni sehemu ndogo, na Silanga ya wapangaji iliendelea kuwa Silanga ya wapangaji. Ila Idi ya mwaka huo iliswaliwa na wazee ambao kwa miaka mia moja jamaa zao walikuwa wakaaji kwa hisani.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2020, uwanja ulifungwa. Korona ilikuwa imeingia, nyumba za ibada zilikuwa zimefungwa tangu Machi, usiku kulikuwa na kafyu, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia Nairobi. Shangazi wa Mombasa alibaki Mombasa. Kwa mara ya kwanza swala ya Idi ililazimika kukaa ndani, na mashekhe wakatoa jawabu kwa kutumia kitendo cha Anasi bin Malik, ambaye ilipompita swala ya Idi pamoja na imamu aliikusanya familia yake, wakaswali nyumbani rakaa mbili kama wanavyoswali watu wa mji. Hotuba haikuhitajika.

Katika chumba cha futi kumi kwa kumi kitanda kilisimamishwa ukutani, jiko likatolewa mlangoni, baba akasimama mbele, wavulana nyuma yake, mama na binti wakiugusa ukuta kwa visigino. Takbira saba, kisha tano. Kupitia bati ilisikika familia ya upande wa pili, imetangulia rakaa moja. Usiku uliopita, kabla ya saa ya kafyu, barakoa usoni, mama alikuwa ameshapita na gorogoro yake. Alikwenda nyumba nne, pishi kwa pishi, na kila mlango alipojaza mfuko aliongeza viganja juu.